Mwaka Tuliofunga

Vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa mwaka wa pili Dodoma. Tuliambiwa asubuhi, na jua lilipozama hosteli ilikuwa karibu tupu. Wenzangu wengi walifurahi kimyakimya, kama watu waliopewa likizo ambayo hawakuiomba. Mimi nilikaa juu ya begi langu nikiwaza jambo moja tu, na halikuwa ugonjwa. Nilikuwa naiwaza meza ya chakula ya nyumbani kwetu.

Wakati ule nilikuwa sili. Nilikula kidogo sana, kwa kujificha, na kwa muda mrefu kiasi kwamba njaa yenyewe nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea kelele za mashine jirani. Ilianza kwa kitu kizuri. Katika kikundi chetu cha maombi chuoni tulikuwa tunafunga kabla ya mitihani. Mara ya kwanza nilipofunga nilijisikia mwepesi na safi, kana kwamba kuna mtu amenifagia kwa ndani. Dada aliyekuwa kiongozi wetu alinisifu mbele ya wote, akasema nina nidhamu ya roho. Mitihani ikapita, wenzangu wakarudi kwenye chipsi mayai zao, mimi sikurudi. Leo nilikuwa nawaombea wazazi, kesho naiombea nchi. Baadaye sikuwa naombea chochote. Nilikuwa nakiogopa chakula tu, na hofu hiyo nikaificha ndani ya neno kufunga, ambalo hakuna Mkristo anayeweza kulihoji.

Hosteli mtu anaweza kuishi hivyo, kwa sababu kila mmoja ana sufuria yake na haraka zake. Nyumbani tunakula pamoja.

Nyumbani kwetu ni Sakina, Arusha, juu kidogo ya barabara ya Nairobi, nyuma ya gereji ambazo kwa kawaida hugonga mabati tangu alfajiri. Nilipofika nilikuta hata nyundo zimepungua. Nchi yetu haikuwafungia watu ndani kama tulivyokuwa tunasikia ya wengine, lakini Arusha ni mji unaoishi kwa wageni, na wageni walikuwa wamekwisha ondoka. Magari ya watalii yalikuwa yameegeshwa kwenye yadi, yamefunikwa maturubai. Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa nyumbani kwa sababu shule zilifungwa. Kaka zangu walishaoa na kuhamia mbali zamani. Na baba alikuwa nyumbani, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulizoea.

Baba ni mpishi wa kambi za watalii. Tangu nikiwa mdogo alikuwa anakuja nyumbani kama mgeni wa heshima. Msimu ukianza anakwenda porini, msimu ukipungua anarudi akinuka moshi, analala, tunatembea kwa kunyata asiamke, kisha anaondoka tena. Nilimpenda, lakini nilimpenda kama mtu anavyompenda mjomba aliyeko Ulaya. Sasa kampuni ilikuwa imemwambia akae nyumbani mpaka hali itulie, na hakuna aliyejua itatulia lini. Alirudi na mfuko wake wa visu, akazunguka uani akirekebisha vitu ambavyo havikuharibika, kisha akaingia jikoni.

"Hili ni jiko langu," mama alimwambia.

"Nakupumzisha."

"Nani amekwambia nimechoka?"

Lakini alimwachia. Baba akaanza kutupikia kana kwamba tuko kambini. Supu kwanza, halafu chakula, halafu matunda yaliyokatwa kwa mapambo. Alioka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama wanavyofanya porini. Aliweka vitambaa vya kujifutia vilivyokunjwa pembetatu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Jamani, sisi ni wageni wa wapi, Ujerumani?" Ulikuwa wakati wa hofu, redio ilikuwa inazungumza mambo ya kutisha na majirani walikuwa wanajifukiza kwa majani ya mchaichai na mikaratusi, lakini ndani ya nyumba yetu wazazi wangu walikuwa wanafahamiana upya na kutaniana. Ingekuwa ni familia ya mtu mwingine, ningesema ilikuwa miezi mizuri.

Mimi nilipata mahali pa kujificha wiki ileile niliyofika. Wanawake wa usharika wetu walikuwa wamefunga kuomba janga lipite, na mama alikuwa mmoja wao. Nilimwambia nitafunga naye. Alinikumbatia pale mlangoni, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Binti yangu amekua," alisema. Tulikaa na njaa pamoja kutwa nzima, na jioni mama alipofungua alikula vizuri, kama mtu anayestahili chakula chake. Mimi nilikoroga sahani, nikala vijiko vichache, nikasema tumbo limeshajaa upepo, nikaenda kulala. Funga ya wanawake ilipokwisha, nilisema nimeweka nadhiri yangu binafsi, nitaendelea. Mama alinitazama kidogo, akasema basi hataniacha peke yangu. Akaendelea kufunga na mimi.

Baba hakufunga. Alisema Mungu anajua kazi aliyompa. Lakini mpishi wa kambi hakai mezani na wageni, na anachojua kuhusu wao ni kile kinachorudi jikoni. Baba alikuwa amezisoma sahani za watu maisha yake yote, na sasa akawa anaisoma yangu.

Siku moja nilikuwa naosha vyombo, akaja akasimama karibu yangu akikausha kikombe ambacho kilikuwa kimekauka.

"Mama," alisema. Ndivyo anavyoniita mimi binti yake, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ile supu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, baba. Ni tamu."

"Tamu hairudi jikoni."

Niliendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi, naye akaendelea kukausha kikombe chake. Kilichoniuma baadaye ni kwamba aliamini tatizo ni mapishi yake. Alipunguza chumvi. Akaacha pilipili manga. Nikamsikia akimwuliza mama kwa sauti ya chini nilikuwa napenda nini nikiwa mtoto, kwa sababu yeye hakuwepo, hivyo hakuweza kujua. Kesho yake alitembea mpaka soko la Kilombero, palepale mjini, kutafuta ndizi ngumu za aina fulani, akanipikia mtori, akaniwekea bakuli mbele, akaketi akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Nilikula nusu kwa ajili yake. Usiku ule sikuweza kulala kwa woga wa ile nusu bakuli. Ningewezaje kumweleza? Ningesema nini, kwamba naogopa ndizi?

Mwezi wa tano ulipoingia na baridi yake, wingu likakaa juu ya Meru siku nzima bila kushuka wala kuondoka, na mimi nikawa navaa sweta mbili ndani ya nyumba. Nywele zilibaki kwenye kitana. Kutoka barabarani kupanda mpaka kwetu nilipumzika njiani kama bibi kizee. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, na akikonda anaulizwa anaumwa nini, lakini mwaka ule hata swali lenyewe watu waliliogopa. Majirani waliniangalia, wakanisalimia kutoka ng'ambo ya njia, wakaingia ndani.

Jumapili moja tulikwenda kanisani wote watatu. Mlangoni kulikuwa na ndoo za kunawia, na watu walipanga foleni kwa kuachiana nafasi. Mama alikuwa ametangulia mbele. Baba alikuwa nje kwenye geti anasalimiana na mzee mmoja kwa viwiko. Jua lilikuwa limechomoza ghafla baada ya siku nyingi za ukungu. Nakumbuka maji yakitiririka kutoka kwenye bomba la ndoo, na nakumbuka nikiwaza kwamba maji yale ni mazuri sana kuyatazama. Kisha nikaona mbingu.

"Msimguse!" Ilikuwa sauti ya mwanamke. Mwingine akasema, "Rudini nyuma, rudini nyuma!" Nilikuwa nasikia kila kitu ingawa sikuweza kuinua mkono. Viatu vya Jumapili vilikuwa vinarudi nyuma kwenye changarawe. Foleni ikawa duara, na duara likapanuka, nami nimelala katikati yake na gauni langu limelowa maji ya ndoo. Nilimsikia mama akilia jina langu na wanawake wakimzuia, "Mwalimu subiri, subiri kwanza apimwe." Siwalaumu. Tulikuwa tumezika watu bila kujua wamekufa kwa nini.

Jozi moja tu ya viatu ilikuja mbele. Baba alipiga magoti kwenye tope. Alikuwa amezoea kubeba mitungi ya gesi na magunia ya viazi, na aliingiza mikono chini yangu kama mtu anayejiandaa kwa mzigo. Aliponiinua nusura aanguke kinyumenyume, kwa sababu mzigo haukuwepo. Nilihisi mwili wake ukishtuka. Akanikumbatia kifuani, barakoa yake imeteremka kidevuni, akaniambia sikioni kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, umekwenda wapi?"

Hospitalini walinitenga kwanza, ilikuwa lazima. Walinipima hiki na kile, malaria, taifodi, mimba, na kile kipimo kingine ambacho hakuna aliyekitaja kwa jina mbele ya mama. Vyote vilikuwa safi. Daktari, kijana mpole aliyekuwa amechoka sana, aliniuliza maswali ya tumbo, akaandika, akaenda kuwaona wengine waliokuwa wanamsubiri. Aliyebaki alikuwa muuguzi mtu mzima, mwenye barakoa ya kitenge aliyoishona mwenyewe. Alikuwa ananiwekea dripu na kuutafuta mshipa, na bila kuniangalia usoni akauliza:

"Ukiletewa chakula, unajisikiaje?"

Watu wote walikuwa wameniuliza nimekula nini, au kwa nini sili. Swali lile lilinikuta sijajiandaa kudanganya.

"Naogopa," nilisema.

"Unaogopa nini?"

"Sijui."

"Haya. Usijali kama hujui." Akabandika plasta juu ya sindano kwa kidole gumba, taratibu. "Nitamwambia daktari. Kuna wenzetu hapa wanaohusika na mambo kama hayo. Hauko peke yako, usidhani."

Wenzao hao walikuwa watu wa afya ya akili, na mama aliposikia neno hilo pale koridoni alisimama wima. Mlango ulikuwa wazi, nilimsikia.

"Mwanangu hana wazimu."

"Sijasema ana wazimu, mama."

"Mwanangu ni mtu wa Mungu. Alikuwa amefunga. Mimi mwenyewe nimefunga naye miezi yote hii, muulize baba yake."

"Nimekuelewa," muuguzi alisema. "Na jioni ukifungua, wewe unakula?"

"Nakula. Kwa nini nisile?"

"Na yeye?"

Mama aligeuka akanitazama kupitia mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu, mikono yangu juu ya shuka, mifupa ya mabega. Niliona akirudi nyuma kwa mawazo, siku moja baada ya nyingine, jioni moja baada ya nyingine. Halafu akakaa chini kwenye benchi. Baba aliketi kando yake. Hawakuacha ile nafasi tuliyokuwa tunaambiwa watu waachiane.

Siku niliyorudi nyumbani mama karibu hakusema nami kabisa. Alipiga pasi kila nguo iliyokuwemo ndani ya nyumba, hata mataulo. Nilijua nimemuumiza mahali ambapo hapagusiki, kwa sababu alikuwa amekaa na njaa kwa ajili yangu akiamini tunakwenda kwa Mungu pamoja. Nilitaka kumwambia kwamba nami mwanzoni niliamini hivyo. Badala yake nilienda kulala.

Asubuhi yake aliingia chumbani na sinia lenye vikombe viwili vya uji wa ulezi. Akaketi kitandani kwangu, akaliweka sinia katikati yetu.

"Nimeongea na Mungu," alisema. "Nimemwambia ile nadhiri imekwisha. Kama kuna la kujibu, nitajibu mimi."

"Mama, mimi…"

"Usiseme kitu. Leo tunafungua."

Nilichukua kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa funda moja. Mama naye akanywa funda moja. Nikakaa. Akakaa. Nilipokunywa la pili, akanywa la pili. Nje watu walifungua gereji, lori likapita likiguruma kwenda Namanga, uji ukapoa ukafanya utando, na mama yangu, ambaye darasani hawezi kuvumilia mtoto anayechelewa kufungua daftari, alisubiri. Hakuniambia niharakishe. Vikombe vyetu vilikwisha wakati mmoja. Akavichukua, akafika mlangoni, akasimama kidogo akinipa mgongo, kisha akaenda kuviosha.

Kliniki ilikuwa inapunguza watu wanaofika, kwa hiyo mshauri aliongea nami zaidi kwa simu. Kwanza alinipa jina la kitu nilichokuwa nacho. Alikiita tatizo la ulaji, akasema ni ugonjwa, una tiba, na tiba yenyewe si ya haraka. Aliongea na wazazi pia. Aliwaambia wale pamoja nami kila mlo, wasinilazimishe, wasiniache nile peke yangu, na mezani wasizungumzie chakula kabisa. Wasisifu nilichokula wala kuuliza nilichobakiza.

Kwa mama lilikuwa gumu. Kwa baba lilikuwa kama kumwambia samaki asizungumzie maji. Mlo wa kwanza alifungua mdomo mara kadhaa akaufunga. Alikuwa ameweka kuku wa kuchoma aliyempaka limao na tangawizi, na hakuruhusiwa kuuliza kama limao limezidi. Mwishowe akasema tu:

"Nimewahi kuwaambia habari za tembo aliyekula chapati zangu?"

Hakuwahi. Hakuwahi kutuambia chochote. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka porini miaka yote hiyo akalala, nasi tukanyata. Basi alitusimulia habari za tembo aliyeingiza mkonga kwenye hema la jikoni akachukua chapati za wageni wote, na jinsi yeye alivyojificha chini ya meza huku akihesabu ni unga kiasi gani umebaki. Mama alicheka akapaliwa. Kesho yake akatusimulia habari za nyani. Keshokutwa, za mgeni mzee aliyekuja peke yake baada ya kufiwa na mkewe, akawa anamwomba baba amwekee meza ya watu wawili, na baba alifanya hivyo safari nzima bila kuuliza. Hadithi ile haikutuchekesha. Nilitazama sahani yangu nikaona nimefika katikati.

Sisemi hadithi ziliniponya. Kulikuwa na siku nililia mbele ya ubwabwa mpaka ukapoa. Kulikuwa na siku nilimfokea mama kwa sababu aliweka mafuta kijiko kimoja zaidi, na alifumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Tutakula hivyohivyo." Lakini miezi ile nilimpata baba yangu. Ni ajabu kusema janga limekupa mtu, wakati limewanyang'anya wengine watu wao. Kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa.

Majirani walikuwa bado wanaangalia, ikabidi twende kupumzika kwa koko. Ndivyo Waarusha tunavyomwita bibi, na huyu ni mama yake baba. Anaishi juu ya Ngaramtoni, kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo migomba inakwisha na viazi vinaanza. Kiswahili chake ni cha kuazima, anakitumia kwa wageni na kwa wajukuu wa mjini. Baba alikuwa amemweleza kwa simu kwamba siko vizuri, nisiulizwe mambo ya kula. Tulipofika nilimwinamishia kichwa anishike kama desturi, akaniwekea kiganja utosini, kisha akanirudisha nyuma akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Chakula kimekukosea nini?" aliuliza.

Mama aliganda. Baba akaanza kukohoa. Mimi nilicheka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu lilikuwa swali la haki kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani, na koko akawauliza wazazi wangu kwa Kimaasai ni kitu gani kinachochekesha.

Koko hakuelewa ugonjwa wangu, na sidhani kama anauelewa mpaka leo. Alifikiri ni minyoo. Alinichemshia magome machungu kiasi kwamba ulimi ulikufa ganzi. Alinipikia loshoro, mahindi na ndizi ndani ya maziwa mgando, chakula anachowapa watu anaowapenda, na niliposhindwa kukigusa alinikasirikia wazi. Akalichukua bakuli mikononi mwangu. "Basi nitakula mimi," alisema, akalila lote mbele yangu, kwa hasira, na mwishowe akakilamba kijiko.

Tulikaa kule mpaka viazi vikavunwa. Sikuruhusiwa kazi nzito, kwa hiyo nilikaa na koko kwenye rundo tukitenga vya mbegu na vya kuuza. Asubuhi moja alikuwa ameficha viazi vidogo kwenye majivu ya moto. Alikuwa ananisimulia ugomvi wake na jirani kuhusu mfereji wa maji, ugomvi wa miaka mingi, wenye pande nyingi, na katikati ya kumlaani jirani alichomoa kiazi, akakipasua kwa vidole, akanipa nusu bila kunitazama, akaendelea. Alipofika mahali ambapo jirani alihamisha jiwe, nilitaka kujua alijuaje. Akaniambia. Nikauliza tena. Nilipotazama mkono wangu ulikuwa mtupu, na vidole vimebaki na majivu.

Baba alikuwa amesimama kwenye mtaro na jembe lake. Alikuwa ameona. Aligeuka haraka akaanza kulima sehemu iliyokwisha limwa.

Kesho yake sikuweza kula kiazi hata kidogo. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Unakuachia mlango wazi siku moja, kesho yake unakuta umekomewa. Lakini nilikwisha jua kwamba mlango upo.

Vyuo vilikuwa vimefunguliwa mwezi wa sita, wenzangu wakarudi, nami nilitaka kurudi nao. Mama alikataa. Tulibishana juma zima, kisha nikakubali kuahirisha mwaka, na nililia kwa aibu kana kwamba nimefeli. Nilirudi mwaka uliofuata, nikiwa na namba ya mshauri kwenye simu na rafiki mmoja wa hosteli niliyemweleza ukweli wote. Nilimaliza. Baba alikaa nyumbani muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Wageni walirudi kidogokidogo, na alipoitwa kazini alipakia visu vyake, akatuaga mezani, mama akamwambia aende salama, tumemzoea vibaya. Sasa anapiga simu kila anapopata mtandao. Anatusimulia ya siku ileile, kabla hayajapoa.

Leo nafanya kazi mjini na nimepanga nyumba Olasiti. Ningependa kusema yalikwisha, ila mwaka jana yalirudi. Kazi ilikuwa imenibana, nikaruka mlo mmoja, kisha mwingine, na ule wepesi wa zamani ukaja kunibembeleza. Nikaitambua sauti yake. Nilimpigia mshauri, kisha nikampigia mama. Sikumweleza mengi. Nilisema tu, "Mama, imerudi."

"Nakuja," alisema.

Alikuja na begi, na kuku hai aliyefungwa miguu, na madaftari ya wanafunzi wake ya kusahihisha. Alikaa nami majuma mawili. Alikuwa anatoka kwangu alfajiri kwenda kufundisha, anarudi jioni amechoka na vumbi la chaki kwenye kanga. Asubuhi ya kwanza, ikiwa Jumamosi, niliamka nikamkuta amekwisha weka vikombe viwili vya uji mezani, amekaa upande wake, miwani puani, anasahihisha hesabu za watoto kwa kalamu nyekundu. Hakuinua macho. Alinivutia kiti kwa mguu.

"Keti," alisema. "Hebu nisaidie, huyu mtoto ameandika saba au moja?"

Nikaketi, nikainama kutazama. Ilikuwa saba.